Pampu Mbili Kutoka Mbale

Amoding, binti wa Afande Okiror, alinipigia simu nikiwa dukani kwangu hapa Mbale, mikono imejaa grisi, pampu ya kisima ya mteja imefunguliwa mbele yangu juu ya meza. "Dada Nambozo," akasema, "Baba ametutoka." Alikuwa ameugua muda mrefu na habari yenyewe haikuwa ya ghafla, lakini nilijikuta nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikulia. Niliuliza swali ambalo hata sasa naona aibu kuliandika: niliuliza kama maji bado yanazunguka. Amoding hakushangaa. "Yanazunguka," akasema. "Nimetoka kuwaangalia samaki sasa hivi." Tulimzika kwao, upande wa Soroti, na waliosimama kusema habari zake walizungumza juu ya vita alivyopigana na barabara aliyowahimiza wanakijiji kuilima. Hakuna aliyetaja samaki. Mimi nilikaa nyuma na wanawake waliokuwa wakipika, na tangu siku ile nimeshindwa kufikiria kitu kingine isipokuwa mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwake Kimaka, Jinja, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikafanya jambo ambalo sijawahi kulisimulia lote.

Nilifika Jinja na begi moja na uongo mmoja. Nilikuwa nimesomea ufundi wa umeme Mbale na nikaanguka mtihani wa mwisho, ule wa mashine, lakini nyumbani niliwaambia nimefaulu na nimepata kazi. Kazi haikuwapo. Ndipo mtu mmoja wa kanisani akaniambia kuna afande mstaafu, anaitwa Okiror, anatafuta fundi wa kukaa hapo hapo kwake, amtunzie mashine ya samaki. Nilidhani ni mashine ya kugandisha samaki. Alinipokea mlangoni, mrefu, mguu wake mmoja haukunji goti kwa sababu ya risasi ya zamani, akaniuliza swali moja tu: "Umeme unajua?" Nikasema najua. Hakuuliza cheti. Akanipeleka sebuleni, na hapo nikaona ukuta mzima wa upande wa mashariki ni kioo, na nyuma ya kioo ni maji, na ndani ya maji samaki wadogo wa urefu wa kidole, wengi, wengine wa buluu, wengine wa manjano, na wachache wenye mikia myekundu kama kaa la moto.

Walikuwa nkejje, samaki wale wale ambao Busoga kina mama huwakausha na kuwachemshia watoto wenye surua. Mkewe, Mama Nangobi, alikuwa amefanya kazi ya kuchunguza samaki wa ziwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo alikuwa akichagua mmoja mmoja kutoka kwenye nyavu za Masese na kwenye miamba ya visiwani, akiwaleta nyumbani ndani ya ndoo yenye mfuniko. Wengine, kama wale wa mkia mwekundu, walikuwa hawaonekani tena ziwani. Sangara walikuwa wamewamaliza. Mama Nangobi alikuwa amekufa miezi saba kabla mimi sijafika. Afande hakuwahi kuwapenda wale samaki. Aliniambia mwenyewe kwamba waligombana juu yao tangu siku ya kioo cha kwanza, kwamba alikuwa akimwambia mkewe, "Nyumba hii iko ya watu ama ya samaki?" Sasa mkewe hayupo, na yeye alikuwa akiamka saa kumi na mbili asubuhi, ananyoa ndevu, anavaa shati lililopigwa pasi, anakwenda kusimama wima mbele ya kioo. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko na dirisha lake lilitazama ua, kwa hiyo nilimsikia kila siku kabla sijatoka. Alikuwa akitoa ripoti. "Mama, umeme umekaa vizuri. Wote iko. Ile mkubwa ya mkia mwekundu nakula. Msichana ya umeme nafanya kazi." Mteso na Msoga, lugha yao ya ndoa ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha kambini kisichojali ngeli, na aliendelea kumsemesha kwa lugha hiyo hiyo. Kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri jibu la mkubwa wake, halafu nasikia mguu wake ukiburuta kuelekea jikoni.

Alipika mwenyewe. Tulikula atapa, ugali ule wa wimbi na muhogo wa kwao Teso, pamoja na mboga za majani zilizopikwa kwa karanga, na siku nikitoka Mbale nilileta malewa, machipukizi ya mianzi yetu ya mlimani, naye aliyala polepole akisema yana ladha ya moshi. Samaki hawakuliwa katika nyumba ile. Tulikula kwenye meza ndogo mbele ya kioo, bila redio, na sauti iliyokuwapo ni ya maji tu. Nyumba ilijengwa juu ya mteremko, kwa hiyo chini ya sebule kulikuwa na stoo, unaishukia kwa ngazi za nje. Maji yaliyojaa juu yalimwagikia kwenye bomba lililofichwa ukutani, yakashuka stoo, yakapita kwenye sponji na kokoto ndani ya tangi la plastiki, na hapo, chini kabisa, ilikaa pampu iliyozamishwa ndani ya maji, kazi yake kuyarudisha juu. Tangi la juu lilikuwa la lita elfu moja na mia mbili. Ukisimama stoo na kunyoosha mkono juu kabisa, bado hujafika pale maji yalipopaswa kufika. Pampu ile ilikuwa moyo wa nyumba, na nilipoweka mkono wangu juu ya bomba siku ya kwanza nilihisi inatetemeka kwa mapigo yasiyo sawa.

Iliendelea hivyo miezi minne. Nikaisafisha, nikaiondolea uchafu, nikautoa mhimili wake uliolika upande na kuugeuza, nikawa naomba. Mwezi wa pili wa mwaka, jua likiwa kali na umeme unakatika siku kwa siku, ulikatika na kurudi siku mbili mfululizo, na uliporudi mara ya mwisho pampu ilinguruma mara moja ikanyamaza. Nilipoifungua, mhimili ulikuwa umekatika. Nilipanda sebuleni nikamkuta Afande amesimama mbele ya kioo. Alikuwa ameshajua, ule ukimya ulikuwa umemwambia. Samaki walikuwa wameanza kupanda juu, midomo kwenye uso wa maji. Tulikuwa na kipampu kidogo cha hewa cha betri, lakini kwa tangi lile kilikuwa kama mtu mmoja kupepea uwanja. Afande akachukua jagi la jikoni, akachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa, akachota tena, akamwaga tena. Mimi nikachukua sufuria. Tulisimama pale asubuhi mpaka jioni, siku ya kwanza, tukipokezana, yeye akiegemea ukuta kwa ule mguu wake, maji yakitiririka kwenye mikono ya shati lake. Tulizungumza kidogo sana. Wakati fulani alisema, "Usisimama," na sikujua ananiambia mimi au anajiambia yeye.

Siku ya pili akaja binti yake Amoding kutoka Kampala. Alikuwa ameolewa huko, amenizidi miaka michache, na alipoingia na kumwona baba yake na jagi mkononi aliweka mkoba chini akaanza kuchota naye. Lakini mchana nilipokwenda kuanika matambara niliwasikia barazani. "Baba, wagawe. Kuna watu wa hoteli wanawataka. Uje ukae na sisi." Nikasikia Afande akiburuta mguu. "Baba, unakufa pamoja nao. Huoni?" Ndipo akasema, taratibu, "Mama yako aliniachia watu." Amoding akasema, "Si watu, Baba. Ni samaki." Nilibaki nimeshika kitambaa kilichotota bila kukianika. Kisha nikasikia Amoding analia, na Afande anamwambia aende akalale kidogo, yeye anaendelea. Samaki wawili walikuwa wameshakufa, wa manjano wote. Asubuhi ya tatu nilipanda gari kwenda Mbale kutafuta pampu, kwa sababu Jinja nilikuwa nimezunguka maduka yote na sikupata zaidi ya zile ndogo za chemchemi za bustani.

Nieleze hapa kitu ambacho sasa namweleza kila mteja, na wakati ule nilikijua nusu. Lita zinazoandikwa kwenye boksi la pampu ni lita za maji yasiyopanda popote. Kadiri unavyoyapandisha ndivyo yanavyopungua, na kila kona ya bomba inakula nyingine, mpaka kwenye kimo fulani pampu inazunguka na hakuna tone linalotoka. Zile ndogo za Jinja ziliandikwa lita elfu tatu kwa saa, zikasomeka kama zinatosha, lakini mwisho wa kimo chake ulikuwa mita mbili, na sisi tulihitaji zaidi ya mbili. Hilo nililijua. Nilijua kupima nguvu. Sikujua kuuliza pampu imetengenezwa kwa kazi gani. Na aliyelijua, Mwalimu Wamimbi, aliyenifundisha mashine na kuniandikia sufuri kwa mkono wake, alikuwa na karakana nyuma ya soko la Mbale, hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Nilipita upande wa pili wa barabara nimeinamisha kichwa ili asinione.

Niliingia duka la vifaa karibu na mnara wa saa. Kulikuwa na wanaume watano au sita wakisubiri saruji na mabati. Mwenye duka aliniuliza, "Dada, fundi mwenyewe yuko wapi?" Nikasema fundi ni mimi. Mmoja akacheka. Nikataja kimo, nikataja lita, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na mwenye duka akatoa pampu nzito ya chuma na plastiki nyeusi, akaipiga kofi mgongoni kama ng'ombe. "Hii iko na nguvu sana. Inatoa maji ya mafuliko kwa nyumba, inatoa ya shimo ya choo. Itashindwa na samaki?" Wote wakacheka tena. Nilitaka kuuliza ndani yake kuna nini. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini fundi anayejua hangeuliza, au ndivyo nilivyoamini, basi nikasema, "Nifungie."

Gari liliposimama Iganga kupakia abiria, nikafungua boksi na kusoma karatasi yake. Mstari mmoja, kwa herufi ndogo, ulisema mota imejazwa mafuta ya kuipoza, na kwamba pampu isiachwe kufanya kazi mfululizo bila kupumzishwa. Niliusoma mara mbili. Nakumbuka mwanamke aliyekuwa dirishani akiuza ndizi za kuchoma, nakumbuka moshi wake ukiniingia machoni. Ningeweza kushuka. Ningeweza kurudi Mbale, saa mbili tu za njia, nikamwambia yule mtu anibadilishie. Lakini ningerudi kwenye vicheko vyao, na kule Kimaka mzee alikuwa amesimama na jagi siku ya tatu, na samaki walikuwa wanakufa. Nikajiambia mafuta yamefungwa ndani, yatatoka vipi? Nikaikunja karatasi, nikaitupa nje ya dirisha.

Pampu ilifanya kazi vizuri mno. Nilipoiwasha mara ya kwanza ilisukuma maji mengi kuliko bomba la kushukia lilivyoweza kumeza, tangi likafurika, zulia la Mama Nangobi likalowa, nikakimbia chini kufunga valvu mpaka nusu. Baada ya hapo maji yalizunguka. Samaki walishuka kutoka juu, wakarudi kwenye mawe yao. Amoding akarudi kwake Kampala. Afande alitoa ripoti ndefu asubuhi ile, nikamsikia akisema, "Msichana alienda Mbale peke yake, akaleta," na jioni alinipa kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yangu. Kwa wiki tano niliishi kama mtu aliyesamehewa. Kila siku nilishuka stoo kunusa maji. Sikunusa kitu, na kila siku hofu ilipungua kidogo, mpaka siku moja sikushuka.

Asubuhi iliyofuata ripoti haikutolewa. Niliamka nikasikia kimya, nikaenda sebuleni na nywele zangu hazijafungwa. Afande alikuwa amepiga goti la mguu mzima, ule mwingine ameunyoosha pembeni, uso wake karibu na kioo. Juu ya maji kulikuwa na utando, na mwanga wa dirishani uliupaka rangi zote, zambarau, kijani, dhahabu, ungedhani ni pambo. Chini yake samaki walikuwa wakielea ubavu. Wengine walikuwa bado wanafungua midomo. Nilizima pampu, nikaleta mabeseni ya kufulia, ndoo, sufuria, kila kilichoweza kubeba maji, nikajaza kutoka kwenye pipa la mvua, tukawa tunawachota wale waliosogea hata kidogo. Afande alikuwa akiwashika kwa mikono mitupu. Alikuwa akisema, "Huyu. Huyu bado. Huyu." Baadaye alikuwa akisema tu "huyu" na hakukuwa na tofauti tena kati ya mzima na mfu. Kufikia saa sita mchana tulikuwa na kumi na moja hai katika mabeseni matatu. Waliokufa nilianza kuwahesabu, nikaacha. Tuliwazika nyuma ya jiko ndani ya gunia la sukari.

"Hawa watu ya Mbale nauza takataka," Afande alisema siku ile, na mimi nikanyamaza. Huo ndio ukweli ambao sijawahi kuuandika. Nilinyamaza siku ile, na ya pili, na ya tatu. Alinihurumia. Aliniambia nile. Aliniambia kosa si langu, mtu mwizi akikuuzia kitu kibovu utajuaje. Nilifikiria kuondoka, begi langu lilikuwa limefungwa chini ya kitanda, lakini kumi na moja walikuwa kwenye mabeseni na kila baada ya saa chache walitakiwa kubadilishiwa maji, na hakuna mwingine wa kufanya kazi hiyo. Siku ya nne nilimkuta barazani amevaa suruali yake ya kaki iliyonyooka, anapaka viatu rangi. Akasema anakwenda Mbale kuonana na yule mwenye duka. Alisema kwa sauti ya chini sana, na nilielewa kwamba hakuwa anakwenda kuonana naye kwa maneno.

"Afande, usiende," nikasema.

"Kwa nini?"

"Karatasi ilisema. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi. Ilisema ina mafuta."

Aliendelea kupaka kiatu. "Ulisoma lini?"

"Siku ile ile. Iganga, njiani."

"Kabla ya kufunga pampu?"

"Kabla."

Mkono wake ulisimama. Nikamwambia na yaliyobaki, kwa sababu sasa mlango ulikuwa wazi: kwamba mtihani wa mashine nilianguka, kwamba nilimpita mwalimu wangu barabarani, kwamba karatasi niliitupa. Hakunitazama. Alivua kiatu alichokuwa amekwisha kukivaa, akaviweka vyote viwili pamoja, visigino vimelingana, akaingia ndani. Siku mbili hakunisemesha. Chakula aliniwekea mlangoni mwa chumba changu, sahani imefunikwa vizuri, na hiyo ilinichoma zaidi kuliko kama angeninyima. Ningependa anipige. Nilikula atapa ile nikiwa nimekaa sakafuni, nikilia, kisha nikainuka kubadilisha maji.

Mwishoni mwa siku hizo mbili alikuja Mama Sauda wa Masese. Alikuwa Mnubi, mchuuzi wa samaki, na ndiye aliyekuwa akimtengea Mama Nangobi wale wa ajabu kutoka kwenye nyavu. Afande alikuwa amemwita kumwuliza kama wanaweza kupatikana wengine. Alivua viatu, akachuchumaa mbele ya mabeseni, akatazama kwa muda mrefu. "Wa buluu nitakupatia, Afande, Mungu akijalia. Wa manjano pia labda. Lakini huyu wa mkia mwekundu nisikudanganye. Wanangu wanavua kila siku na hawamjui hata jina." Walikuwa wamebaki wawili wa mkia mwekundu, dume na jike. Jike lilikuwa halijala tangu siku ya mafuta. Lilikaa pembeni, shavu limevimba, mdomo umefungwa, nami nilikuwa nimekwisha kukata tamaa juu yake. Nilisema, "Huyu anaumwa, Mama. Hatafika Ijumaa." Mama Sauda akainamisha kichwa, akatazama chini ya kidevu cha yule samaki. "Haumwi huyu, mwanangu. Amebeba. Nkejje hulea mdomoni. Mayai yamo humo, na hatakula mpaka atakapowatoa watoto." Akainuka, akajipangusa magoti. "Maji yake tu yasichafuke."

Afande alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia yote. Mama Sauda alipoondoka, alikuja akasimama mbele yangu, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku mbili. "Nenda Mbale. Chagua pampu ingine."

"Afande, tafuta fundi mwingine. Tafadhali."

"Fundi mwingine atajifunza juu ya hawa kumi na moja. Wewe ulishajifunza juu ya wale." Hakusema kwa upole. "Nenda."

Mara hii nilikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Mwalimu Wamimbi alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, anasuka waya za mota. "Nambozo," akasema bila kuinua uso, "siku ile nilikuona unapita." Nikamsimulia, nimesimama, mbele ya wateja wake wawili na vijana wake wa kazi. Nilisema neno mafuta, nikasema idadi ya waliobaki. Aliweka waya chini, akararua upande wa katoni, akachora mstari unaoanzia juu na kuteremka. "Huu ndio uso wa pampu," akasema. "Boksi linakuonyesha hapa mwanzo. Wewe unaishi wapi kwenye mstari huu?" Nikaonyesha kimo chetu. Akaniuliza kona za bomba ni ngapi, na bomba la kushukia linameza kiasi gani, maana hakuna faida kupandisha kisichoweza kushuka. Akauliza umeme ukikatika maji ya juu yanarudi mpaka wapi, na tangi la chini lina nafasi ya kuyapokea? Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Akanionyesha pa kutoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili livute hewa na kukata mkondo. Kisha akangoja. Niliona anangoja. "Ndani yake kuna nini?" nikauliza. "Na inaruhusiwa kufanya kazi usiku na mchana?" Mwalimu akavua miwani moja. "Kwa swali hilo," akasema, "ningekupa alama."

Pampu aliyoishauri haikuwapo Mbale. Mota yake ilizibwa kwa gundi ngumu, mhimili wake ulikuwa wa kauri, na kilainishi chake kilikuwa maji yenyewe. Aliiagiza kwa mtu wake Nairobi, ikachukua siku tisa kufika. Siku tisa hizo ndizo ndefu kuliko zote nilizoishi, na nimezaa watoto wawili tangu hapo. Nilikwangua kioo chote, nikatupa sponji, kokoto na mabomba yote, nikasuuza kwa maji ya moto mpaka ngozi ya mikono ikatoka. Kwenye mabeseni walikufa watatu. Jike la mkia mwekundu lilizidi kukonda, kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili, na Afande alilihamishia kwenye beseni la peke yake, akaweka kiti chake hapo. Alianza kunisemesha, lakini ya kazi tu. Hakuwahi kusema amenisamehe, si mwaka ule wala baadaye. Nilipoondoka mwisho wa mwaka kurudia mtihani wangu, alinipa mkono na kunisindikiza mpaka lango. Miaka yote iliyofuata nilikuwa nakwenda Kimaka kila baada ya miezi mitatu kuifungua pampu na kuisafisha, tukala atapa mbele ya kioo, tukaongea juu ya mvua na siasa na wajukuu wake. Hatukuongea juu ya gunia la sukari. Siku ya maziko nilitaka kumwambia Amoding, nikashindwa. Sasa atasoma hapa.

Pampu ilifika Alhamisi. Niliifunga asubuhi ya Ijumaa, nikatoboa lile tundu, nikajaza maji mapya, nikawasha. Ilikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba nilidhani haifanyi kazi, mpaka Afande alipoita kutoka juu, "Imefika." Nilizima umeme makusudi, nikatazama maji yakirudi chini, yakapanda kwenye tangi la chini, yakakoma vidole vinne kabla ya ukingo. Nikawasha tena. Tuliacha yazunguke mpaka wiki ya pili, kisha tukawarudisha wanane, yule jike wa mwisho, Afande akimbeba ndani ya bakuli la supu. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa nikifuta kioo nilipomwona yule jike ametulia juu ya jiwe bapa, akafungua mdomo, na kitu kama vumbi kikatoka, na vumbi lile likaanza kuogelea.

Nilimwita Afande. Alikuja, akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo. Walikuwa wadogo kuliko punje ya mchele, pengine ishirini, pengine zaidi, na nilipoona jinsi walivyokuwa wakisogea, nikatazama wanakoelekea. Mkondo ulikuwa unawavuta kuelekea pale maji yanapomwagikia bombani. Wangeshuka stoo, wangepita kwenye pampu, pampu niliyoichagua vizuri kabisa. "Afande, kitambaa," nikasema. "Chepesi, cha kupitisha maji. Chandarua, chochote." Chandarua changu kilikuwa cha nyuzi nene, matundu yake wangepenya. Afande akageuka, akaenda kwenye chumba chake cha kulala kwa haraka ambayo sikujua mguu ule unaiweza, nikasikia kabati likifunguliwa, kabati ambalo Amoding aliniambia halikuwa limefunguliwa tangu mazishi ya mama yake. Alirudi na shela ya Mama Nangobi, nyeupe, nyepesi kama pumzi, bado imekunjwa mikunjo minne kama alivyoiacha mwenyewe. Harufu ya udi ilitoka nayo. Akanipa, na mkasi wa jikoni juu yake.

Nilishindwa. Nilisimama pale nimeishika, mikono yangu yenye vidonda inakwaruza ule uzi laini.

"Kata," Afande akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyapangusa. Macho yake yalikuwa kwenye maji. "Kata, mwanangu. Hawawezi kungoja."

Nikakata.